Nafasi ya Jina la Baba

Sisi watunzi wa mashairi tuna desturi ambayo wasomaji wa kurasa hizi wanaijua vyema: tukifika ubeti wa mwisho, twajitaja. Kaditama, jina langu ni fulani, makazi yangu ni mahali fulani, nimesema niliyoyasema na mwenye jawabu anijibu. Hatuoni haya. Shairi lisilo na jina la mtunzi huhesabiwa yatima, na kila apitaye anaweza kuliokota akadai kuwa ni lake. Nimejitaja hivyo kwa zaidi ya miaka 30, katika tungo nzuri na katika nyingine ambazo leo ningependa kuzikana. Mahali pamoja tu sikujitaja, na mahali hapo si shairi. Ni Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, ambako mwaka 2004 alizaliwa mtoto wa kike, na mimi ndiye baba yake.

Nataka kueleza jinsi jina langu lilivyofika penye nafasi yake mwaka 2023, miaka 19 baada ya wakati wake, bila ya kesi na bila ya wakili, kwa kuwa hapakuwa na hata mtu mmoja aliyekataa. Naeleza kwa sababu naamini wako wengi, bara na visiwani, walio katika hali kama yetu: kila mtu anajua, kila mtu amekubali, ila karatasi haijui. Majina ya wenzangu katika habari hii nayahifadhi. Hayakuwa yangu ya kuyachezea wakati ule, wala si yangu sasa.

Nilifika Kwihara mwaka 2003. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kiingereza nilikipata kwa kamusi na redio, na Kijerumani kidogo kwa ukaidi. Mfanyabiashara mmoja wa safari za watalii alitaka kijitabu cha Kiswahili juu ya njia kuu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe mpaka Ujiji. Akanitaka nikae palepale, nisome, nitafsiri na kupanga maelezo. Kwihara ni pahali padogo penye jina kubwa. Lipo tembe la udongo, lenye kuta nene na paa tambarare, lililojengwa upya kwa ukumbusho wa Livingstone. Hapo Stanley aliweka kambi yake kwa miezi mitatu hivi katikati ya mwaka 1871, njia ya Ujiji ikiwa imefungwa na vita vya Mirambo. Hapo walirudi pamoja, yeye na Livingstone, mwezi Februari 1872. Mmoja akaondoka Machi kurudi pwani, mwingine akabaki hadi Agosti akingoja wapagazi na vifaa. Na hapo ulipita tena mwili wa Livingstone mwaka 1873, umebebwa na watu wake kuelekea pwani.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane aliyekuwa na binti yake, fundi cherehani. Usiku, baada ya matobolwa na chai, nilikuwa nikiwasomea niliyoyatafsiri mchana. Bibi alisinzia upesi. Binti yake hakusinzia. Alishona na kusikiliza, na akisikia sentensi iliyokwenda upogo aliinua mkono kama mwanafunzi. Sina haja ya kueleza yaliyofuata. Hatukuwa na nikahi. Yeye alikuwa Mkatoliki, mimi Mwislamu mwenye mke na watoto Unguja, na hakuna kati yetu aliyeweza kusema kuwa hakujua.

Kuna usiku mmoja katika ile miezi ambao sijausahau. Nilikuwa nimefika kwenye habari za maisha ya Stanley kabla hajawa Stanley. Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwezi Januari 1841, mwana wa Elizabeth Parry, msichana asiyeolewa. Kitabu cha ubatizo kilimwita John Rowlands, na kando ya jina hilo kasisi akaandika neno moja ambalo Kiswahili chake kilichokuwa karibu ni kimoja: mwanaharamu. Nikalisoma. Cherehani ikanyamaza. Mama wa mtoto wangu alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na hapakuwa na mwingine aliyejua ila sisi wawili.

“Na baba yake?” akauliza.

Nikamweleza kwamba kitabu kimetaja John Rowlands mwingine, mkulima, kuwa ndiye baba, lakini mtu huyo hakumlea, na wako waandishi wanaoamini kuwa baba wa kweli alikuwa wakili mmoja wa mji uleule. Mtoto alikaa kwa babu yake mzaa mama, babu akafa, naye akapelekwa katika nyumba ya maskini akiwa na umri wa miaka sita. Alipokuwa mkubwa alivuka bahari, na huko New Orleans akajitwalia jina la tajiri mmoja wa pamba, akasema huyo alimfanya mwanawe. Watafiti waliokuja baadaye hawakulisadiki hilo.

Akafikiri kidogo, kisha akasema, “Basi aliyestahili kuandikiwa neno lile si mtoto.”

Sikujibu. Wiki chache baadaye kazi ilikwisha, nikapanda gari moshi la usiku kwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo boti ya kurudi Unguja. Nilituma fedha kwa muda, halafu kwa vipindi, halafu zikakatika. Wasomaji wa visiwani wanakumbuka kwamba tulikuwa na sheria ya mwaka 1985 iliyoweza kumpeleka gerezani mwanamke aliyeshika mimba nje ya ndoa, na kwamba haikubadilishwa mpaka mwaka 2005. Tabora sheria hiyo haikuwa na nguvu. Mimi, hata hivyo, niliibeba kichwani kama ngao. Nikajiambia kuwa katika mambo haya kunyamaza ni kumsitiri mwanamke. Sikumsitiri yeye. Yeye tumbo lake lilionekana na kijiji kizima. Aliyesitirika ni mimi.

Mtoto alipotimiza miaka minne, mama yake aliolewa kanisani na mkulima wa tumbaku na mfuga nyuki, mtu mpole, mwenye maneno machache. Tangu hapo habari za Kwihara zilinifikia mara moja kwa mwaka, na kila mara zilikuwa njema kuliko nilivyostahili. Mtoto hakufichwa kitu. Alijua kwamba ana baba anayemwona na mwingine wa Unguja anayeandika mashairi. Mara moja alinipigia simu kuniuliza maana ya neno “mizani”, nikamweleza kwa saa nzima, na tulipokata simu nikagundua kuwa sikumwuliza hata hali yake.

Mwaka 2023 alimaliza kidato cha sita, akafaulu. Mama yake akanipigia. Hakunilaumu, na jambo hilo lilinisumbua zaidi kuliko lawama. Alisema kwa ufupi: “Mtoto anataka kuomba mkopo wa chuo. Bodi inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Hana. Hakuwahi kuandikishwa. Na yeye anasema penye jina la baba paandikwe kweli.”

Ilinishangaza kwamba mtu aweza kufika umri huo hajaandikishwa, lakini si ajabu. Sheria ya bara inataka kizazi kiandikishwe ndani ya siku 90, ila watoto wengi wa vijijini wa umri wake walikua kwa kadi ya kliniki tu. Kampeni ya kuwaandikisha walio chini ya miaka mitano bila ya malipo, katika vituo vya afya na ofisi za kata, ilianza kuenezwa mkoa kwa mkoa mwaka 2013, naye alikuwa keshapita umri huo.

Jambo la kwanza nililofanya ni la mtu mwoga: nilikwenda kwa wakili mjini. Nilivaa kanzu nzuri, nikachukua fedha, nikaketi mbele ya meza yake kama mshitakiwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mama anakataa?”

“Hakatai.”

“Mtoto?”

“Ndiye anayetaka.”

“Mume wa mama?”

“Ameridhia.”

“Na wewe, sheikh, wakataa?”

“Sikatai.”

“Basi mimi wa nini?” akasema, na akanirudishia bahasha yangu. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu muungwana, akanipa dakika ishirini za bure ambazo nazieleza hapa kwa faida ya wengine.

Alisema kwamba mahakama huitwa pale penye ubishi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, ya mwaka 2009, inampa mtoto haki ya jina na haki ya kuwajua wazazi waliomzaa na jamaa zao. Pakiwa na ubishi, mtoto mwenyewe, mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii anaweza kuiomba mahakama ithibitishe nani mzazi. Mahakama hutazama mambo yanayoeleweka na kila mtu: ndoa ya wazazi, jina lililoandikwa katika daftari la vizazi, mila aliyoitekeleza baba juu ya mtoto, kukiri kwake mbele ya watu, na kipimo cha vinasaba. Lakini ombi hilo lina muda wake. Hufanywa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Baada ya hapo mpaka mahakama itoe ruhusa maalumu. Na baba akifa, hesabu ni miaka mitatu.

“Huyu wako ana miaka mingapi?”

“Kumi na tisa.”

“Umeona. Ungekuwa mkaidi, au ungekufa, angeanza na kuomba ruhusa ya kuomba. Kwa kuwa mmekubaliana, anahitaji msajili, karatasi, na nyinyi wawili mkiwa hai na kalamu mkononi. Zanzibar tuna sheria yetu ya watoto, ya mwaka 2011, lakini mtoto amezaliwa bara, ataandikishwa bara. Kapande boti.”

Akaongeza jambo ambalo sikulitarajia. Jirani zetu wa Kenya, alisema, walikuwa na kifungu katika sheria ya usajili kilichokataza kuandika jina la baba wa mtoto wa nje ya ndoa isipokuwa baba na mama waombe kwa pamoja, au uwepo ushahidi wa ndoa. Maana yake ni kwamba baba akikaa kimya, nafasi inabaki tupu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kuwa kifungu hicho ni kinyume cha katiba. “Walikaa na sheria hiyo miaka mingi,” akasema, “na watu kama wewe ndio walioifanya ichukize.”

Kabla ya kusafiri nilipita pia kwa mzee mmoja ninayemsomea vitabu vya fikihi, maana sikutaka kuchanganya mambo mawili. Aliniambia wazi: kwa madhehebu yetu, nasaba haithubutu kwa uzazi wa nje ya nikahi, na mtoto huyo hatanirithi, na hata pasipo hilo, mwenye dini nyingine hamrithi Mwislamu. “Ila mkono wako haukufungwa,” akasema. “Una hiba ungali hai, na una wasia usiozidi thuluthi. Na kusema kweli hakuna madhehebu yanayokukataza. Wanakuuliza nani aliyezaa, jibu.” Nimeandika wasia huo. Wanangu wa Unguja wameuona, na mke wangu, baada ya siku nyingi za kutosema nami, ameutilia saini kama shahidi. Hayo ni ya nyumbani kwetu, nayaacha hapo.

Njiani, usiku, gari likipita Dodoma na Manyoni, nilifikiri juu ya jambo ambalo njia ile yenyewe inalijua. Pwani yetu na vituo vyake vya bara viliwahi kuwa na kawaida nyepesi mno ya kumtambua mtoto. Mtoto wa suria, bwana akimkiri, alikuwa huru na mrithi sawasawa na ndugu zake wa mke wa ndoa. Bibi Salme ameandika kwamba watoto wote aliowaacha hai Seyyid Said alipofariki mwaka 1856 walikuwa wa masuria. Na miongoni mwao walitoka Majid na Barghash waliotawala Unguja. Kauli moja ya baba ilitosha. Watu huisifu kawaida hiyo, na kwa upande wa mtoto inafaa kusifiwa. Lakini kauli hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu. Mama hakuulizwa kama aliridhia kuwa hapo, wala kama amkubali huyo anayemkiri mtoto. Na baba akinyamaza, hapakuwa na pa kwenda. Wala hakuwa mtoto wa suria pekee aliyeachwa bila sauti. Palepale Unyanyembe, mwaka 1871, mfanyabiashara Mwarabu alimpa Stanley mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu Mali. Jina hilo halikumpendeza Stanley; akawauliza watu wake wamtafutie jingine, na mtoto akawa Kalulu. Yule aliyekuwa amejipa jina la mtu mwingine akampa mtoto wa mtu mwingine jina jipya, na hakuna baba wala mama aliyekuwapo kusema ndiyo au hapana. Kalulu alifika hadi Uingereza, akarudi, akafa maji katika mto Kongo mwaka 1877.

Kwihara nilikuta mkutano umekwisha kupangwa. Bibi, sasa hana meno wala subira, aliketi juu ya mkeka. Kando yake mjomba wa mtoto, balozi wa nyumba kumi, mama, mumewe, na binti mwenyewe, ambaye nilikuwa sijamwona kwa macho tangu akiwa na miaka saba. Alipiga goti, akaniamkia, “Shikamoo, baba,” na mimi nikajibu kwa sauti ambayo haikuwa yangu.

Mjomba ndiye aliyesema kwanza, nami nilijua kuwa ana haki. Akaeleza kwamba kwa Wanyamwezi wa zamani ndoa ilikuwa ya namna mbili. Ya kukwa, yaani ya mahari, watoto wake walikuwa wa baba. Ya butende, isiyo na mahari, watoto walikuwa wa kwa mama, na baba aliyewataka alilipa awakomboe. “Wewe hukufanya ya kwanza wala ya pili,” akasema. “Kwa hiyo mtoto ni wetu. Sasa umekuja kumchukua?”

Nikasema sikuja kumchukua. Nikauliza, kwa ujinga wangu, kama kuna kiasi ninachopaswa kulipa. Nilikuwa nimesoma kwamba tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 lilimruhusu baba kumhalalisha mtoto kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100, ilimradi afanye hivyo kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Bibi akacheka mpaka akakohoa. “Ziwa!” akasema. “Huyu ana cheti cha kidato cha sita. Weka shilingi zako.” Watu wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Kisha tukamgeukia mume wa mama. Huyo ndiye niliyemwogopa zaidi. Shuleni, tangu darasa la kwanza, mtoto aliandikwa kwa jina lake. Vyeti vyote vya Baraza la Mitihani vilikuwa na jina hilo mwishoni. Nilitaka kumwomba radhi, nikaanza sentensi ndefu, naye akaninyamazisha kwa kiganja.

“Sikumwandika jina langu ili nimfiche wewe,” akasema. “Siku ile mwalimu aliuliza jina la baba, na niliyekuwapo ni mimi.”

Msomaji wangu, nimesoma tungo nyingi juu ya ubaba, na mbili tatu nimezitunga mwenyewe. Sijui katika hizo zote mstari uliolingana na sentensi hiyo.

Balozi, mtu wa vitendo, akauliza kwa nini basi jina la huyu bwana lisiandikwe penye nafasi ya baba, mambo yakaisha; nani atabisha? Pakawa kimya. Lilikuwa jawabu rahisi kwa watu wote, na kwangu mimi kuliko wote: ningerudi Unguja bila ya kutia saini popote. Binti akajibu mwenyewe, kwa adabu na bila ya kuyumba. “Baba amenilea, na jina lake sitaliacha. Lakini karatasi inauliza nani aliyenizaa. Tukiandika uongo mmoja, kila fomu nitakayojaza mpaka kufa nitaurudia.” Mume wa mama akatikisa kichwa kukubali. “Ndivyo nilivyomfundisha,” akasema.

Kesho yake tulikwenda mjini sote watano, tukiwa na mjomba. Kwa anayetaka kujua, hivi ndivyo vitu vilivyokuwa katika bahasha: kadi ya kliniki iliyochakaa, cheti cha ubatizo, vyeti vya shule, barua ya mtendaji wa kata, na vitambulisho vya taifa vya mama na vyangu. Usajili wa vizazi wilayani huko hufanywa katika ofisi ya mkuu wa wilaya, kwa niaba ya RITA. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana wa umri wa wanangu. Akasoma barua, akatazama nyuso zetu moja moja, akauliza, “Baba ni nani?”

Wanaume wawili tulikuwa tumesimama mbele yake. Nasema kweli, sekunde ile ilikuwa ndefu kuliko ile miaka 19. Mwenzangu akarudi nyuma hatua moja, si kwa unyonge, ila kama mtu anayempisha mwingine mlangoni. Nikasema, “Mimi.”

Kijana akatueleza kuwa kwa kuwa hakuna ndoa, lazima mama na baba wote wawili wakiri mbele yake na watie saini. Mama akatia kwanza. Akanipa kalamu bila ya kunitazama, na hapo nikafahamu kwa nini sheria inataka saini mbili. Yangu pekee ingekuwa kauli ya bwana wa zamani, anayesema huyu ni wangu na mambo yakawa. Yake pekee ingekuwa kama ilivyokuwa miaka yote, mzigo wa mtu mmoja. Mbili, pamoja na macho ya aliyelea na ya aliyezaliwa, zilikuwa neno lililokamilika. Nikatia yangu. Mkono uliozoea kuandika majina ulisita, afisa akaniuliza kama nahitaji kidole cha wino.

Likabaki jina la mtoto. Afisa akaeleza kwamba jina katika cheti cha kuzaliwa lilingane na la vyeti vya shule, la sivyo Bodi ya Mikopo na chuo vitamsumbua, na kulibadilisha ni safari nyingine ya hati na viapo. Akamwuliza binti anataka nini. Nitakiri jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile. Katika gari moshi nilikuwa nimelijaribu jina lake pamoja na langu mwishoni, nikapima mizani yake, nikaona linakwenda vizuri. Binti akasema, “Libaki lilivyo.” Likaandikwa lilivyo: jina lake, la katikati la babu yake mzaa mama, na la mwisho la yule mfuga nyuki. Chini yake, katika mstari wa mama, jina la mama. Na katika mstari wa baba, mimi.

Tulilipa ada iliyobandikwa ukutani, tukapewa stakabadhi, tukatoka. Kazi yote, ukiacha foleni, haikufika saa moja. Nimeihesabu mara nyingi tangu siku ile. Hapakuwa na sheria iliyonizuia mwaka 2004, wala 2005, wala mwaka wowote uliofuata. Palikuwa na safari ya gari moshi na saa moja ya kusimama mbele ya meza. Watu wanaposema “tumekubaliana, hakuna tatizo,” mara nyingi wana maana kwamba hakuna aliyepiga kelele. Yule mwanamke hakupiga kelele kwa miaka 19, na mimi nikauita ukimya wake kukubali.

Jioni binti alinipeleka tembeni. Mlinzi akatufungulia; tulikuwa wageni wa pekee. Kijitabu changu alikuwa nacho, nakala iliyokunjika pembe, aliyoachiwa na mama yake. Jina la mfasiri halimo, maana mfanyabiashara yule hakuona haja. Akaufungua ukurasa wa Denbigh, akaweka kidole juu ya lile neno.

“Ungelitafsiri leo, ungeandika nini?”

Nikasema ni kazi ngumu, kwani kasisi aliandika alichoandika, na mfasiri hana ruhusa ya kumfuta mtu mwingine maneno yake. Akangoja. Hakuwa mtu wa kuridhika na jawabu la namna hiyo. Katika hilo amefanana na mama yake. “Neno la kasisi lingebaki,” nikasema mwisho, “lakini ningeanza sentensi kwa mama: John, mwana wa Elizabeth Parry. Yeye alikuwapo.”

Akatikisa kichwa, akakifunga kijitabu, akasema turudi kabla ya giza, kwani baba alikuwa na magunia ya mahindi ya kuingiza ndani na mgongo wake haukuwa mzima. Nikamfuata. Tuliyabeba mimi na yeye, na mwenye nyumba akitwambia pa kuyapanga.

Cheti kilipotoka alinitumia picha yake kwa simu. Mkopo aliupata, na sasa yuko chuoni. Picha ile ninayo bado. Mara kwa mara naifungua, si kuliangalia jina langu, kwani hilo nimeliona penginepo mara nyingi mno. Natazama zile sehemu tatu pamoja, lake refu juu na yetu wawili chini, na nalisoma la mwisho katika mstari wa kwanza, jina la mtu aliyekuwapo mwalimu alipouliza.